“Glasi ni ndogo, nitaendesha”: dhana potofu kuhusu ziara za kuonja bia Nairobi

Viwanda vidogo vya bia si jambo geni tena Nairobi, na kuzuru kimoja Jumamosi alasiri ni matembezi mazuri kweli. Tatizo ni sentensi inayotamkwa mezani pindi trei ya vionjo inapotua: “Hizi ni glasi ndogo tu, nitaendesha.” Wanaoitamka si walevi. Ni watu wazima makini, wenye funguo za gari mfukoni na familia inayowasubiri. Tumeisikia mno, kwa hiyo tuanze nayo.

“Glasi ni ndogo, kwa hiyo nimekunywa kidogo.”

Ukubwa wa glasi haukuambii chochote mpaka ujue asilimia ya kileo. Zidisha mililita kwa asilimia, gawa kwa 100, nawe utapata mililita za kileo kitupu. Chupa ya Tusker Lager ya mililita 500, yenye asilimia 4.2, ina mililita 21. Ishike namba hiyo, ndiyo kipimo chetu.

Sasa chukua trei ya vionjo sita, kila kimoja mililita 150: laga ya 4.5, bia ya ngano ya 5, peli eli (bia ya rangi hafifu) ya 5.5, stauti (bia nyeusi) ya 6, IPA (peli eli yenye uchungu zaidi) ya 6.5 na stauti nzito ya 9. Jumla yake ni karibu mililita 55 za kileo kitupu. Hizo ni zaidi ya chupa mbili na nusu za Tusker, tena ndani ya saa moja na nusu, na hata hujaagiza kitu. Halafu mtu aliyeipenda ile IPA anaitisha glasi nzima ya mililita 500 “ya kufungia”. Hapo amefika mililita 87, zaidi ya chupa nne, na bado atasema alionja tu.

Mwilini inakuwaje? Kwa makadirio ya kawaida, mwanamke wa kilo 60 aliyemaliza trei hiyo peke yake anaweza kuwa na zaidi ya miligramu 100 za kileo katika kila mililita 100 za damu. Mwanamume wa kilo 80 huenda akabaki chini ya 80 kwa trei peke yake, lakini ile glasi ya kufungia inamvusha. Kanuni za kipimo cha pumzi za mwaka 2011 ziliweka kikomo cha mikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi, kiwango kinacholingana na miligramu 80 kwenye damu. Na usidhani chini ya kikomo maana yake uko salama. Macho na mikono huanza kuchelewa mapema zaidi, na Sheria ya Trafiki inamkamata yeyote ambaye pombe imemfanya ashindwe kulimudu gari ipasavyo.

Kuna jambo jingine linalowaponza wengi. Kileo hufikia kilele kwenye damu kati ya nusu saa na saa moja na nusu baada ya glasi ya mwisho, hasa ukiwa umekula. Yaani unapoagana na wenzako mlangoni ukijisikia mzima, damu bado inapanda. Kilele kinaweza kukukuta Ngong Road, kwenye foleni, mguu ukiwa kwenye breki.

Kwa hiyo gari libaki nyumbani. Ukienda nalo, saa moja jioni utajishawishi kwamba uko sawa, na ubongo unaofanya tathmini hiyo ndio uliokunywa. Panga teksi ya kwenda na kurudi kabla hujatoka, au mwende na mtu asiyekunywa kabisa, si yule “aliyekunywa kidogo”. Chaji simu ili usikwame bila M-Pesa. Boda boda usiipande ukiwa umekunywa, maana abiria asiyeweza kujishikilia anaanguka hata kama mwendeshaji ni mzima.

“Nitakula nyama choma na kahawa, itaisha.”

Haitaisha. Chakula *kabla* ya kunywa hupunguza kasi ya kileo kuingia kwenye damu, hivyo kula ugali na mboga au pilau saa moja kabla ya ziara ni ushauri mzuri. Chakula baada ya kunywa hakiondoi kilichokwisha kuingia. Kahawa inakufanya uwe mlevi aliye macho. Maji ya baridi yanakulowesha tu. Ini linafanya kazi kwa mwendo wake, takriban gramu 7 au 8 za kileo kwa saa kwa mwanamume wa wastani, pungufu kwa mtu mwenye mwili mdogo. Yule mwanamke wa trei moja anahitaji saa nane au tisa tangu aanze kunywa. Akianza saa kumi alasiri, asishike usukani kabla ya kulala.

“Kumwaga kilichobaki ni kumdharau mpika bia.”

Hii nayo inatuudhi, kwa sababu inawafanya watu wanywe wasichokipenda kwa adabu. Kuonja kunahitaji mililita 50 tu: unanusa, unachukua funda la kwanza la kuzoesha ulimi, la pili la kutafuta utamu wa kimea na uchungu wa hopi (maua yanayokolezwa kwenye bia), la tatu la kuhakikisha. Zinazobaki zinaenda kwenye ndoo ya kumwagia. Usipoiona mezani, iombe. Ukifanya hivyo kwa vionjo vyote sita vya hapo juu, umekunywa mililita 18 za kileo, chini ya chupa moja ya Tusker. Watu watatu wakigawana trei moja wanapata matokeo yaleyale bila kumwaga tone. Maji ya kunywa yawe mezani, nusu glasi kati ya kionjo na kionjo, na muanze na bia nyepesi mmalizie na nzito. Ukianza na ile ya asilimia 9, laga itaonekana maji matupu.

“Bia nyeusi ndiyo kali.” Rangi inatoka kwenye nafaka iliyokaangwa, ukali unatoka kwenye sukari iliyoliwa na hamira. Guinness Draught ya Ireland ni asilimia 4.2, sawasawa na Tusker Lager. Soma ubao, usisome rangi.

“Bia ya kiwanda kidogo haina kemikali, haileti hangova.” Hangova huletwa hasa na kileo chenyewe, na kileo cha kiwanda kidogo ni kilekile.

“Ina ukungu, imeharibika.” Bia nyingi hapa hazichujwi, na ukungu huo ni hamira na protini. Iliyoharibika utaijua puani: siki, au siagi iliyochacha.

“Ni ziara ya kiwanda, watoto watajifunza.” Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2010 inamkataza mwenye leseni kumruhusu aliye chini ya miaka 18 kuingia mahali kileo kinapotengenezwa au kunywewa. Mnapokataliwa langoni, msimlaumu askari.

“Naweza kuvaa chochote.” Sakafu huwa na maji na wakati mwingine dawa ya kostiki ya kuoshea matangi, inayounguza ngozi. Vaa viatu vilivyofunika vidole, vyenye soli isiyoteleza. Mapipa ya kuchemshia usiyaguse. Usiingize kichwa kwenye tangi la kuchachushia, kwa kuwa hewa ya kaboni dioksidi iliyotuama humo inaweza kukuzimisha papo hapo. Na manukato yaache nyumbani, maana yanaharibu pua ya meza nzima.

Ukipata bia uliyoipenda, usiitishe glasi nzima palepale. Nunua chupa iliyofungwa, iweke kwenye friji ukifika, uinywe Jumapili ukiwa nyumbani. Ya kujaziwa kutoka kwenye koki haikai sana: ukishaifungua, imalize kabla ya siku mbili.