Uthabiti wa Maji katika Akwariamu ya Maji ya Chumvi

Kwa mtu anayefuga samaki wa baharini nyumbani, uthabiti wa maji maana yake ni maji kubaki na chumvi, joto na kemikali zilezile usiku na mchana, na badiliko likitokea, liwe dogo na lije polepole. Maji kung'aa si kipimo. Amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, haionekani kwa macho, wala chumvi iliyozidi.

Baharini wingi wa maji humeza kila badiliko. Tangi la lita 100 halina wingi huo, na ndiyo maana tangi dogo ni gumu kulitunza kuliko kubwa, ingawa wengi huanza na dogo.

Kinachobadilika upesi ni chumvi. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, kwa hiyo tangi la lita 100 lina kama kilo 3.5. Maji yakigeuka mvuke, chumvi haiendi nayo. Tuseme lita moja hukauka kila siku na mwenye tangi anajazia maji ya chumvi. Baada ya siku 20 ameongeza gramu 700: sasa ni gramu 42 kwa lita, na maji yako palepale kwenye alama! Kilichokauka hufidiwa kwa maji yasiyo na chumvi, kidogo kidogo kila siku. Maji ya chumvi ni ya kubadilishia yale uliyoyachota na kuyamwaga. Refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi ya maji, itakuonyesha ukweli.

Samaki wa baharini hupoteza maji mwilini muda wote, hivyo hunywa maji ya bahari na kutoa chumvi ya ziada kwa matamvua. Chumvi ikipanda ghafla, kazi hiyo humwelemea. Kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, hana hata kinga hiyo. Chumvi ya mwilini mwake hufuata ya maji yaliyomzunguka.

Upande wa amonia, walinzi ni bakteria wanaoishi kwenye mawe na kichujio. Wao huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi. Tangi jipya huchukua wiki 4 hadi 6 hivi kuwapata wa kutosha, na tafadhali usiweke samaki kabla amonia na nitriti hazijasoma sifuri. Kichujio nacho kisuuzwe kwa maji yaliyotolewa tangini, kwa sababu klorini ya maji ya bomba huua bakteria haohao.

Joto la nyuzi 24 hadi 27 linawafaa wengi. Kuhusu pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, ile inayokaa 8.0 kila siku naiona bora kuliko inayosukumwa kwa dawa hadi 8.3 leo, kesho ikaporomoka. Na chumvi ikiwa imeshapanda, usiishushe kwa mkupuo. Igawanye kazi hiyo kwa siku kadhaa, ukipima kila unapoongeza maji.