Nyumba ya kulea mtoto Mombasa: yasemwayo na yalivyo

Mdogo wangu ana mtoto wa miezi saba na mume anayefanya kazi bandarini kwa zamu. Wiki iliyopita alinipigia simu. "Dada, natafuta chumba na sebule. Mtaa uwe salama, kodi isinitoe roho. Watu wananiambia nisivuke daraja."

Nikamwuliza daraja lipi. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Yote."

Ukiogopa madaraja yote utabaki kisiwani, na kisiwa hakitutoshi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti hii, na wengi wao hulala bara: ng'ambo ya daraja la Nyali, ng'ambo ya Makupa, au Likoni ambako daraja hakuna, kuna feri. Mimi nimepanga Likoni, Mishomoroni, Mikindani na sasa Tudor, na kila nilipohama nilikuta watu walionitisha hawajawahi kulala huko hata usiku mmoja.

"Kisauni ni mapanga, Nyali ni amani"

Tuanze na majina, maana ndiyo yanayotupoteza. Eneo bunge la Kisauni lina Shanzu na Bamburi ndani yake, ambako watu hutoa pesa nyingi ili wawe karibu na bahari. Nyali nayo si majumba ya kuta ndefu peke yake. Lina Kongowea na soko lake, lina Ziwa la Ng'ombe, lina Kadzandani. Mtu akikwambia anaishi Nyali, bado hujajua kama anaamkia kwenye bustani au kwenye ploti ya vyumba kumi na choo kimoja. Na redio ikitangaza "Kisauni kumetokea kisa," hujui kama ni nyuma ya nyumba unayoitaka au ni mwendo wa nusu saa kwa matatu.

Sisemi mapanga ni hadithi. Vijana wenye mapanga wamejeruhi watu Kisauni, Likoni, na Mji wa Kale pia, na ajenti anayekana hilo anataka tu dipoziti yako. Ila balaa hilo lina vichochoro vyake na saa zake. Mishomoroni tulijua njia ya kupita baada ya magharibi na njia ya kuacha, na zote mbili zilikuwa zikitokea kwenye kituo kimoja cha matatu.

Kwa hiyo nilimwambia mdogo wangu: usiende kuona nyumba saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi kila mtaa ni mzuri. Nenda na mumeo saa moja usiku, nunueni soda dukani na muinywe hapo hapo. Angalia mwenye duka anauza mlango wazi au anapitisha mkate kwenye wavu. Angalia watoto wa madrasa wanarudi wenyewe wakicheka au wanafuatwa na wazazi. Mulika mwizi, ile taa ya mlingoti mrefu, inaweza kuwa imesimama pale na isiwe inawaka, basi inua macho. Halafu mtafute mama wa viazi karai. Kama saa mbili karai lake bado liko motoni na watu wamemzunguka wakingoja ukwaju, njia hiyo ina macho. Kama anafungasha mapema na wateja bado wapo, nunua vya shilingi hamsini na umwulize kwa upole kwa nini. Atakwambia yale ambayo mwenye nyumba hatayatamka.

Ukimaliza hapo, tafuta mzee wa mtaa. Mpango wa Nyumba Kumi, wa majirani kujuana na kulindana, ulianzishwa 2013, na kuna mahali ni jina tu, lakini kuna mitaa ambayo mzee anamjua kila mpangaji na mtoto wa nani anacheza na nani. Mzee akikuuliza maswali mengi, usikasirike. Huyo ndiye unayemtaka.

"Ploti ina geti na mlinzi, basi"

Geti huzuia mwizi wa kuku. Simu hunyakuliwa barabarani na mtu aliye juu ya pikipiki, mita mia mbili kabla hujafika kwenye geti lako.

"Maji yapo"

Hii ndiyo imewagharimu watu wengi kuliko mapanga, nami nikiwemo.

Mikindani nilioneshwa nyumba nzuri, vigae sakafuni, dirisha linaloingiza upepo wa kusi. Mwenye nyumba akaniambia, "Mama, maji yapo," na hakusema uongo, kwa sababu hakusema yapo siku gani. Sikufungua bomba. Ningelifungua ningeona uzi wa buibui mdomoni mwake. Nilihamia Jumamosi. Jumapili nikazungusha bomba, likatoa upepo, likakohoa mara mbili, likanyamaza. Ukumbini mlikuwa na madumu ya bluu na mitungi ya manjano imepangwa ukutani mlango kwa mlango, nami siku ya kuiona nyumba nilidhani majirani wanafanya biashara.

Sababu ni hii. Kaunti ya Mombasa haina chemchemi kubwa yake yenyewe. Maji ya bomba yanatoka mbali: Mzima Springs kule Tsavo, kwa bomba la kilomita zipatazo 220 lililojengwa miaka ya 1950; Baricho penye mto Sabaki, Kilifi; Marere na Tiwi upande wa Kwale. Yote ni mali ya jirani, na mji umeongezeka kuliko mabomba. Ndiyo maana karibu kila mtaa una zamu, na ndiyo maana jina kubwa la mtaa halikupi maji.

Pengo hilo huzibwa na kisima na mkokoteni. Kisima mara nyingi ni cha chumvi: sabuni haitoi povu, birika linashika ukoko mweupe, nepi zinakauka ngumu kama kadibodi. Na kisiwa chetu ni mwamba wa matumbawe wenye vitundu, kwa hiyo kinachoingia kwenye shimo la choo cha jirani kinaweza kupenya hadi kisimani kwako. Kuchemsha huua vijidudu, lakini chumvi haiondoki. Mtoto wa miezi saba ananyweshwa uji wa maji hayo, basi uliza kisima kiko umbali gani na choo, kisha ukaone kwa macho yako.

Mkokoteni nao una hesabu yake. Tuseme mtungi wa lita ishirini unauzwa shilingi 20, na nyumba yenye mtoto wa nepi inamaliza mitungi kumi kwa siku. Hiyo ni 200 kwa siku, 6,000 kwa mwezi. Nyumba ya kodi ya 9,000 isiyo na maji, basi, ni nyumba ya 15,000. Ongeza nauli ya mume akipanda matatu mbili kwenda na mbili kurudi, na wewe unajua mvua ikianza tu makondakta hupandisha. Mdogo wangu alikuwa amezikataa nyumba mbili za Tudor kwa sababu kodi ilimshtua. Tulipiga hesabu pamoja kwenye simu, moja ikatoka rahisi kuliko ile ya Utange aliyoipenda.

Siku ya kwenda kuangalia, fungua kila bomba. Onja. Osha mikono kwa sabuni yao. Uliza maji huja siku gani na tangi la juu ni la nani. Na kama ni nyumba ya chini, tazama kuta kwenye usawa wa goti. Rangi ikiwa mpya hapo chini na kuukuu kuanzia kiunoni, masika yameshaingia humo ndani. Nyumba kama hiyo huonekana nzuri sana Januari.

"Ukihamia Likoni umejitenga"

Hofu ya feri ina mizizi. Aprili 1994 feri ya Mtongwe, upande huo huo wa Likoni, ilizama na watu 272 wakafa, na kuna familia ambazo mpaka leo haziendi upande ule. Mimi nilikaa Likoni karibu miaka minne. Kilichonichosha ni foleni ya watu saa kumi na mbili asubuhi, jua linachomoza na umebanwa katikati ya mabega, mtoto mgongoni, ukingojea geti lifunguliwe. Nauli ya mguu hakuna, hiyo ni kweli na ni nafuu kubwa. Unacholipa ni muda.

Siku hizi watu husema barabara ya Dongo Kundu imemaliza shida hiyo. Imewamalizia wenye magari: wanatoka Miritini hadi upande wa Kwale bila kuingia mjini. Mtu wa miguu anayetoka Shelly Beach kwenda kazini Mwembe Tayari bado anateremka kwenye feri kama zamani. Kama kazi yako iko upande wa kusini, Likoni ni mahali pazuri na kodi haitakuumiza. Kama mume anatoka zamu bandarini usiku wa manane, pima mara mbili. Uliza pia kuhusu homa ya saa nane usiku: Likoni wana hospitali yao ya serikali, lakini ukipewa rufaa kwenda hospitali kuu ya Pwani, utavuka maji.

"Usalama ni wezi"

Nilipokuwa Mikindani hatukuzungumza sana juu ya wezi. Tulizungumza juu ya Owino Uhuru, kijiji kilicho pale pale, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifanya kazi ukuta kwa ukuta na nyumba za watu mpaka kikafungwa 2014. Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani hapo akiwa na mtoto mchanga. Mtoto akaumwa, akapimwa maradhi ya kawaida bila jibu, mwishowe ikaonekana damu yake ina madini ya risasi. Aliacha kazi, akaanza kupigania majirani, na 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi ikakatiwa rufaa hadi Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2024 iliamua fidia hiyo isimame.

Risasi ya aina hii haina kelele. Huwadhuru watoto wadogo kuliko sisi, kwa sababu wanatambaa, wanatia vidole kinywani, na ubongo wao bado unajengwa. Kwa hiyo ukiona nyumba ya bei nzuri ajabu Changamwe, Jomvu au Miritini, zunguka nyuma ya ukuta. Kuna nini? Yadi ya makontena? Gereji inayovunja betri? Malori yanayolala na injini ikinguruma? Pumua kwa pua usikie. Wapo watu wanaolea watoto vizuri sana pande hizo, na Mikindani ina upepo ambao Tudor siupati. Lakini zunguka ukuta.

"Mji wa Kale ni wa wenyewe"

Wageni hupanga huko na kuoana huko. Ukiingia kwa salamu utazoeleka. Barazani pana macho ya wazee kutwa nzima, na mtoto wako akikosea atarudishwa nyumbani na mtu usiyemjua jina. Shida ya huko ni gari la zimamoto kutopenya kwenye vichochoro na nyumba kongwe zenye nyaya za umeme za zamani. Tazama nyaya kabla ya kutazama milango ya nakshi.

"Afadhali ununue nyumba ndogo kuliko kupanga"

Shemeji alikuwa ameletewa "nyumba ya kuuza" Majengo kwa bei ya pikipiki mbili. Nikamwuliza: nyumba, au nyumba na ardhi? Hakujua kuwa kuna tofauti. Huku pwani tuna utaratibu wa zamani wa nyumba bila ardhi: kuta ni za huyu, kiwanja ni cha yule, na mwenye kuta humlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Majengo, Kisauni, Likoni zimejaa nyumba za namna hiyo, na vizazi vimezaliwa humo kwa amani. Lakini unachonunua ni mawe na mabati. Hati hupati, benki haikukopeshi kwa karatasi ya chifu, na mwenye ardhi akifa, warithi wake wanaweza kuwa na mawazo mengine. Kabla ya kutoa shilingi, fanya sachi, yaani ukague rekodi kwenye ofisi ya ardhi kwa nambari ya kiwanja. Hakuna nambari? Una jibu.

"Sheria inamlinda mpangaji"

Kidogo. Sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nitajie chumba na sebule cha bei hiyo kisiwani leo. Mkataba wako wa maandishi ndio utakaokutetea, basi uandikwe: dipoziti ni kiasi gani, inarudi lini, mita ya stima ni yako au ya ploti nzima. Na usimtumie ajenti dipoziti kwa simu ili "ashike" nyumba. Jina linalotokea kwenye M-Pesa lilingane na jina la mwenye nyumba kwenye mkataba.

Jana usiku saa moja na nusu mdogo wangu alinipigia tena. Alikuwa Mtopanga, nyuma yake nasikia mafuta yanachemka kwenye karai na mtu anaitisha pilipili zaidi.

"Dada, mtaa una watu mpaka sasa. Mama anasema yeye hufunga saa nne."

"Na bomba?"

Nikasikia anatembea, mlango, mtoto akilia kidogo. Halafu mlio ninaoujua: upepo, kikohozi kimoja, kimya.

"Mwulize ni siku gani," nikamwambia. Nikamsikia akigeuka kumwuliza jirani, si mwenye nyumba.