Seva ya rafiki: yasemwayo na yalivyo

Hapa Mombasa pesa za chama huwekwa kwa mtu tunayemjua kwao, lakini picha za harusi tunawakabidhi watu wa California tusiowahi kuonana nao. Ukimwambia mtu kwamba marafiki wanaweza kuendesha huduma yao wenyewe ya kuhifadhi picha na faili kwenye seva, yaani kompyuta inayokaa imewashwa ili wengine waifikie kwa mtandao, utasikia haya.

Dhana: Kampuni kubwa haizimi wala haifungi duka.
Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizima kwa muda wa saa sita hivi, kwa kosa la mafundi wao wenyewe. Google Reader, huduma ya kusomea habari za tovuti, ilifungwa 2013, na mtandao wa kijamii wa Google+ ukafuata 2019. Juni 2021 Google Photos iliacha kupokea picha bila kikomo. GB 15 za bure zikijaa, ulipe. Kubwa kuliko yote, Mei 2024 hazina ya pensheni ya Australia, UniSuper, ilifutiwa sehemu kubwa ya mifumo yake iliyokaa Google Cloud, huduma ya Google ya kukodisha seva, kwa kosa lililotokea ndani ya Google yenyewe. Walikuwa na nakala kwa mtoa huduma mwingine, nayo iliwafaa sana.

Dhana: Yataka chumba chenye baridi na injinia.
Laptopu kuukuu au Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, inatosha kubeba faili za jamaa wachache kwa programu ya Nextcloud, ambayo haiuzwi. Taabu iko kwingine. Stima ikipotea Kisauni, seva imelala. Tena laini nyingi za nyumbani hazina anwani yao ya IP ya umma, yaani namba ya kuitafutia laini hiyo kutoka kokote mtandaoni, kwa hivyo ukiwa nje huifikii seva bila ujanja fulani. Ndiyo maana wengi hukodi seva ndogo kwa kampuni na kugawana bili. Ndiyo, hapo bado mnailipa kampuni, lakini mnaweza kuhama na mizigo yenu siku yoyote.

Dhana: Kwa rafiki ni salama, ni mtu wetu.
Hii ndiyo inayoniudhi zaidi. Mwenye seva ana funguo: faili isiyofungwa kwa msimbo kabla ya kutoka kwenye simu yako, anaweza kuifungua usiku wa manane na usijue. Na usitegemee sana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwani shughuli za mtu binafsi au za nyumbani tu imeziacha nje. Halafu kuna safari. Rafiki akipata kazi Doha, au Mungu akimchukua, nenosiri laondoka naye. Basi funguo ziwe kwa watu wawili, nakala ikae nyumba nyingine, na mara moja moja mjaribu kurudisha faili kutoka kwenye nakala hiyo. Nakala isiyowahi kujaribiwa ni matumaini tu.

Dhana: Ni bure.
Kuna bando, stima, diski inayokufa, na Jumapili ya mtu mmoja inayoishia kwenye kusasisha programu. Mchangieni kila mwezi kama mnavyochangia chama, la sivyo atachoka, na ana haki.

Dhana: Ukianza, hamisha kila kitu.
Barua pepe iacheni. Barua kutoka seva ngeni mara nyingi huishia kwenye taka za Gmail hata kama hamjakosea chochote, na atakayezikosa ni mwajiri uliyemwandikia kuomba kazi. Anzeni na picha na kalenda ya familia.