Maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni: dhana potofu kuhusu tiba za mikono

Dhana: Mgongo ukilia "ka!", pingili imerudi mahali pake.
Haikuwa imetoka. Mlio huo unatokana na gesi ndani ya ute wa kiungo kinapotanuliwa ghafla. Kusukumwa mgongo kwa ghafla namna hiyo huweza kutuliza kiuno kwa muda, lakini mtu ambaye mguu wake unazidi kuishiwa nguvu asisukumwe hivyo hata kidogo.

Dhana: Neva (mshipa wa fahamu) iliyobanwa inyooshwe kwa nguvu mpaka iachie.
Hapa ndipo watu wengi wanapoumizwa. Neva iliyokereka haitaki kuvutwa, kwa hiyo mtaalamu wa fiziotherapia huanza kwa kuitelezesha. Kaa ukingoni mwa kitanda, mgongo umelegea. Nyoosha goti huku ukiinua kichwa kutazama juu, kisha kunja goti huku ukiinamisha kidevu kifuani. Upande mmoja wa neva unakaza, wa pili unalegea. Fanya mara 10, seti 2 au 3, na uishie kabla ya maumivu. Kosa la kila siku ni kuinamisha kichwa wakati goti linanyooka: hapo neva inavutwa huku na huku. Zoezi la kuvuta hivyo lipo, ila ni la baadaye, neva ikishatulia. Ganzi ikibaki hata baada ya kupumzika, usinyooshe goti kiasi kile tena.

Dhana: Kiuno kikiuma zaidi, tiba imekosewa.
Angalia mguu kwanza. Maumivu yakitoka kwenye shavu la mguu yakapanda hadi takoni, hiyo ni dalili njema, hata kiuno kikiuma zaidi kidogo. Yakishuka kuelekea vidoleni, acha. Wengi wenye tatizo la diski (mto laini ulio kati ya pingili) hupata nafuu wakilala kifudifudi na kuinua kifua kwa mikono. Mzee ambaye njia ya neva imekuwa nyembamba huzidiwa kwa zoezi hilohilo, na hupata nafuu akiinama.

Dhana: Kukandwa au kuvutwa kwa mashine hurudisha diski ndani.
Kukanda hulegeza misuli, basi. Kipande cha diski kilichochomoza mara nyingi hufyonzwa na mwili wenyewe kwa miezi kadhaa. Mwongozo wa 2016 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unakataza mashine ya kuvuta, na tiba ya mikono unaikubali ikiambatana na mazoezi tu.

Dhana: Kila ganzi inaweza kusubiri miadi ya wiki ijayo.
Ganzi ya msamba na sehemu za siri, mkojo kugoma au kutoka bila kujua, au miguu yote miwili kulegea: nenda hospitali siku hiyohiyo, na mtu asikuguse mgongo.