Ngome Zinazotazamana: Kutembelea Bonde la Dordogne, Ufaransa

Wafaransa wana neno moja, château, kwa majengo ambayo sisi hatuyachanganyi. Aliyefika Unguja anajua kwamba Ngome Kongwe ilijengwa kwa ajili ya vita na Beit al-Ajaib lilijengwa kwa ajili ya fahari. Ukienda bonde la mto Dordogne, kusini-magharibi mwa Ufaransa, beba tofauti hiyo. Beynac na Castelnaud ni ngome. Milandes, mwendo mfupi tu kutoka hapo, ni kasri. Mgeni anayeingia zote tatu siku moja akidhani ni kitu kile kile huchoka kufikia adhuhuri, na jioni hakumbuki ngazi ipi ilikuwa ya wapi.

Ngome hizo mbili zisome kwa pamoja. Beynac iko ukingo wa kaskazini, juu ya jabali la chokaa linalopanda takriban mita 150 kutoka mtoni. Castelnaud iko upande wa pili. Mwaka 1214 Simon de Montfort, kabaila wa Kifaransa aliyeongoza vita vya msalaba kusini mwa Ufaransa, alizishambulia zote. Baadaye, katika Vita vya Miaka Mia (1337–1453), Beynac ilisimama na mfalme wa Ufaransa, huku Castelnaud ikiwa mikononi mwa Waingereza kwa vipindi virefu, mpaka ilipotwaliwa na Wafaransa mwaka 1442. Mto ulikuwa mpaka. Ndiyo maana kila kijiji hapa kimejibanza chini ya jabali au juu yake, na ndiyo maana madirisha ya zamani ya upande wa mto ni membamba kama nyufa.

Nashauri uanze na Castelnaud asubuhi, pindi tu inapofungua. Jua likiwa mashariki linaipiga Beynac usoni, nawe unaiona ng'ambo kama alivyoiona mlinzi wa zamu. Ndani mna makumbusho ya vita vya enzi za kati, na kwenye uwanja wa nje zimesimamishwa mashine za kurushia mawe zilizoundwa kwa ukubwa wake halisi. Ziangalie kwa makini: ni teo kubwa yenye mkono mrefu wa mbao, kasha zito upande mmoja na kombeo la kamba upande wa pili. Kasha linapoanguka, mkono unafyatuka na kombeo linaliongezea jiwe kasi. Ukielewa hilo, utaelewa kwa nini kuta za upande wa mlimani ni nene kuliko zile zinazotazama genge, yaani mwamba uliosimama wima juu ya mto: adui hakuwa na mahali pa kusimamisha mashine hiyo upande wa mto. Beynac iweke alasiri, au siku ya pili. Kutoka maegesho ya chini mtoni kuna njia ya mawe inayopanda sana, dakika 15 hadi 20 kwa mwenye afya. Mwenye magoti mabovu apande kwa gari hadi maegesho ya juu. Mvua ikinyesha mawe yale huteleza, kwa hiyo vaa viatu vyenye soli ya kushika.

Milandes ni hadithi nyingine kabisa. Lilijengwa mwaka 1489, lakini wengi huja kwa sababu ya Josephine Baker, msanii mweusi mzaliwa wa Marekani aliyeichagua Ufaransa, akaisaidia kwa ujasusi wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kisha akalinunua kasri hilo mwaka 1947 na kulea humo watoto 12 aliowaasili kutoka nchi mbalimbali. Madeni yalimtoa humo mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 2021 aliingizwa katika Panthéon, jengo la kuwaenzi mashujaa wa Ufaransa jijini Paris, mwanamke mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo. Vyumba vyake na mavazi yake ya jukwaani yamehifadhiwa. Tenga muda wa kutosha. Makala yaliyobandikwa ukutani ni marefu na yanastahili kusomwa.

Kituo chako kiwe mji wa Sarlat, au kijiji kilicho karibu nayo, kwa usiku wanne. Kosa linaloharibu safari nyingi ni kulala kila usiku mahali papya: asubuhi inaishia kwenye kufunga mizigo, na asubuhi ndiyo saa bora ya vijiji hivi. Ukitoka Sarlat, ngome za Beynac na Castelnaud na vijiji vya Domme na La Roque-Gageac vyote viko ndani ya kilomita 15. Treni ya kasi kutoka Paris hadi Bordeaux huchukua muda wa saa mbili hivi, kisha treni ya mkoa hadi Sarlat ni saa mbili na nusu hadi tatu. Shida ni baada ya hapo, kwa kuwa mabasi ya vijijini ni machache mno. Bila gari utategemea baiskeli au teksi.

Gari la kukodi lina mitego yake. Magari mengi ni ya gia za mkono. Anayetaka otomatiki aagize mapema na alipe zaidi. Ofisi nyingi za miji midogo hufunga saa sita hadi saa nane mchana, na Jumapili nzima. Amana huzuiwa kwenye kadi ya krediti yenye jina la dereva mwenyewe, na kadi ya kawaida ya benki mara nyingi hukataliwa. Leseni iliyotolewa nje ya Ulaya iambatane na kibali cha kimataifa cha udereva au tafsiri rasmi ya Kifaransa. Barabarani, usipoona alama yoyote kwenye njia panda, anayetoka kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita, hata akitoka kwenye kijibarabara. Kwenye pampu, gazole ni dizeli na essence ni petroli. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Schengen, na bima ya safari isipungue euro 30,000.

Soko la Sarlat ni Jumatano na Jumamosi asubuhi. Fika kabla ya saa mbili na nusu; baada ya saa nne maegesho hayapatikani na vichochoro havipitiki. Ukiwa hapo inua macho utazame mapaa: ni mawe bapa ya chokaa yaliyopangwa bila saruji, na mita moja ya mraba hubeba takriban kilo 500. Uzito huo ndio uliolazimisha mapaa kuwa na mteremko mkali na kuta kuwa nene vile. Mji ulinusurika kubomolewa kwa sababu ya sheria ya Malraux ya mwaka 1962 ya kulinda mitaa ya kale.

La Roque-Gageac limebanwa kati ya genge na mto, na genge hilo linatazama kusini. Jiwe hunyonya joto mchana, hulitoa usiku, na huzuia upepo wa kaskazini. Ndiyo sababu utakuta mitende na migomba ikistawi karibu na kanisa, jambo ambalo Mswahili hatarajii kuliona huku. Genge hilo hilo ni hatari: mwaka 1957 kipande kiliporomoka kikaua watu watatu. Ukikuta njia imefungwa kwa uzio, usiuruke.

Mto wenyewe upewe nusu siku. Kukodi mtumbwi kutoka Cénac, chini ya Domme, hadi Beynac ni kama kilomita 9, saa mbili za kupiga kasia bila haraka, na unapita chini ya karibu kila kitu nilichokitaja. Uliza kwanza kama basi dogo linakupeleka upande wa juu wa mto kabla ya kuanza au linakuchukua mwishoni; lile la kwanza ni bora, kwa maana unamalizia lilipo gari lako. Lazima ujue kuogelea. Jaketi la kujiokolea utapewa, pamoja na dumu la kuweka simu isilowe. Vaa viatu vinavyoshika mguu, kwani ukingoni ni kokoto na kandambili hubaki mtoni. Anza mapema, mchana wa Julai na Agosti mitumbwi hugongana.

Mapango ya michoro yako bonde la jirani, la Vézère. Lascaux iligunduliwa Septemba 1940 na kufungwa mwaka 1963, kwa sababu pumzi na joto la wageni viliharibu michoro. Unachokiona leo Montignac, kama kilomita 25 kutoka Sarlat, ni nakala kamili iliyofunguliwa Desemba 2016. Ni kazi nzuri sana, lakini kama unataka rangi iliyopakwa na mkono wa mtu wa kale mwenyewe, nenda Font-de-Gaume, Les Eyzies. Huingia watu wachache kwa siku, kwa hiyo kata tiketi mapema kadiri uwezavyo. Beba sweta, ndani ni nyuzi 13 hivi hata kiangazi.

Chakula cha hapa kimesimama juu ya bata. Hata viazi vya Sarlat, vinavyoonekana havina nyama, hukaangwa kwa mafuta ya bata, na supu ya vitunguu saumu mara nyingi huanza na mafuta ya bata bukini. Anayekula halali aulize mafuta, asiishie kuuliza nyama. Jibini ya mbuzi, stroberi, na saladi yenye mafuta ya jozi, ile kokwa inayofanana na ubongo ukiipasua, ni chaguo zuri na tamu. Jiko hufungwa saa nane mchana; ukifika nane na dakika kumi, unakosa. Na kuingia dukani bila kutamka Bonjour ni sawa na kuingia kwa mtu bila hodi: utahudumiwa, ila kwa uso mkavu.

Kwa wapenda kutembea, fuata alama zilizopakwa kwenye miti na mawe: nyekundu na nyeupe ni njia ndefu za kitaifa, njano ni mizunguko mifupi, na alama ya X maana yake umekosea njia. Baada ya nyasi ndefu jikague kupe nyuma ya magoti na kiunoni, kwa sababu wanaeneza ugonjwa wa Lyme. Kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari ni msimu wa uwindaji. Vaa nguo ya rangi kali, na ukiona bango la njano au jekundu lenye neno chasse, rudi ulikotoka uchague njia nyingine.