"Mwache Azae Mara Moja Tu" na Dhana Nyingine Potofu Kuhusu Kuzalisha Mbwa

Si kila mtoto wa mbwa anayekosa kwao ametoka kwa mfanyabiashara katili mwenye vizimba vichafu. Wapo waliozaliwa sebuleni, kwa mtu mpole ampendaye mbwa wake, aliyesikia jambo fulani kwa jirani akaliamini. Katika kuzalisha mbwa anayeamua ni binadamu na anayelipa ni mbwa, kwa hiyo imani hizi tuzichambue bila kuoneana haya.

"Jike asipozaa walau mara moja ataugua"

Hii ndiyo kongwe kuliko zote, na inasikika kama busara. Ukweli ni kwamba mwili wa mbwa jike haudai kuzaa. Jike hupata joto, yaani kipindi cha kutaka kupandwa, takribani kila baada ya miezi sita au saba, na joto likipita, homoni ya projesteroni hubaki juu kwa miezi kama miwili, awe amepandwa au hakupandwa. Katika kipindi hicho ukuta wa mfuko wa uzazi hunenepa, na bakteria wakipenya ndani hupata makao mazuri. Hapo ndipo mfuko hujaa usaha, ugonjwa ambao madaktari huuita piometra. Wiki chache baada ya joto utamwona mbwa anakunywa maji kupita kiasi, anatapika, amezubaa, na pengine usaha unamtoka. Akichelewa kutibiwa hufa.

Kuzaa mara moja si chanjo ya ugonjwa huo. Kinachouzuia ni kumfunga uzazi kwa upasuaji wa kuondoa ovari na mfuko wa uzazi, na umri wa kufanya hivyo ni wa kushauriana na daktari wa mifugo, kwani mbwa wa jamii kubwa mara nyingi hufaidika viungo vyake vikiachwa vikomae kwanza. Uzazi nao una hatari zake: mama anayenyonyesha wengi, hasa wa jamii ndogo, anaweza kuishiwa kalsiamu katika damu, akaanza kutetemeka na kukakamaa, na asipowahiwa akapoteza maisha.

Wengine husema wanataka watoto wao waone muujiza wa uzazi. Muujiza huo kwa kawaida huja usiku wa manane, na mara nyingine kinachotoka hakipumui. Mwenye kuwaalika watoto aanze kuwaandaa kwa hilo.

"Ana vyeti, basi ni mzima"

Cheti cha nasaba kinasema baba ni fulani, mama ni fulani, babu ni fulani. Hakisemi lolote kuhusu nyonga, moyo wala macho. Utaratibu wa kuandika nasaba ulipata nguvu Uingereza, ambako Kennel Club, chama cha kusajili mbwa, iliundwa mwaka 1873, na lengo lake kubwa lilikuwa kumbukumbu na maonyesho. Kitabu cha nasaba kikishafungwa kwa mbwa wa nje, jamii nzima ya mbwa hubaki kuzaliana yenyewe kwa yenyewe, na kasoro iliyoingia haina pa kutokea.

Mfano ninaoupenda ni wa Dalmatian, wale mbwa weupe wenye madoa. Kwa vizazi vingi, Dalmatian wote wenye nasaba safi walikuwa na kasoro ileile ya jeni inayojaza asidi ya yuriki kwenye mkojo, na baadhi yao walipata mawe ya kibofu. Huwezi kuchagua wazazi wasio na kasoro ikiwa hayupo hata mmoja. Mwaka 1973 mtaalamu wa jeni Robert Schaible alimpandisha Dalmatian na mbwa wa jamii ya Pointer mara moja tu, kisha uzao wake ukarudishwa kwa Dalmatian kizazi baada ya kizazi. Madoa yalibaki, umbo likabaki, na jeni isiyo na kasoro ikaingia. Je, walipokewa kwa vigelegele? American Kennel Club, chama cha kusajili mbwa cha Marekani, iliwakubali rasmi mwaka 2011. Kwa karibu miaka 40 usafi wa damu uliwekwa mbele ya kibofu cha mbwa.

Uingereza nayo ilingoja hadi 2009 ndipo Kennel Club ilipokataa kusajili watoto waliotokana na baba na bintiye, mama na mwanawe, au ndugu wa tumbo moja. Kabla ya hapo, mbwa wa namna hiyo angeweza kuwa na vyeti vilivyonyooka kabisa.

Kwa hiyo ukionyeshwa karatasi, omba za aina ya pili: picha za nyonga na viwiko, uchunguzi wa macho, moyo uliosikilizwa na mtaalamu, vipimo vya vinasaba kwa maradhi ya jamii hiyo. Vipimo hivi vinataka subira. OFA, taasisi ya Marekani inayotathmini afya ya mbwa wa kuzalisha, kwa mfano, haitoi alama ya mwisho ya nyonga kabla mbwa hajatimiza miezi 24. Anayempandisha jike wake katika joto la kwanza anacheza bahati nasibu kwa mwili wa mwenzake.

"Wazazi wote wawili ni wazima, watoto watakuwa wazima"

Maradhi mengi ya kurithi hujificha. Mbwa mwenye nakala moja ya jeni mbovu haonyeshi dalili yoyote; anaibeba tu. Wakikutana wabebaji wawili, kila mtoto ana uwezekano wa robo moja wa kupata nakala mbili na kuugua. Wazazi watakuwa wanarukaruka uani huku mwana wao anapofuka taratibu.

Rangi ya merle, ile ya mabaka ya kijivujivu inayovutia macho na bei, ni onyo la namna yake. Nakala moja ya jeni yake humpa mbwa mabaka. Nakala mbili humweka katika hatari kubwa ya kuzaliwa kiziwi, kipofu au vyote viwili, mara nyingine na macho madogo yasiyokamilika. Anayewapandisha merle wawili kwa kujua hawezi kusema ilikuwa ajali.

Lakini kuna kosa la upande wa pili, nalo hufanywa na wenye bidii. Wakiona kipimo kinasema "mbebaji" humwondoa mbwa huyo katika uzazi mara moja. Wakifanya hivyo wote, kisima cha jeni cha jamii hiyo kinapungua kina, na kasoro nyingine zinapata nafasi. Mbebaji mwenye tabia njema na mwili imara anaweza kupandishwa na asiyebeba. Hakuna mtoto atakayeugua ugonjwa huo, na wale wa kuendeleza ukoo watachaguliwa kwa vipimo.

"Chotara hapatwi na maradhi ya kurithi"

Kuchanganya damu husaidia pale tu ambapo wazazi hawana kasoro inayofanana. Labrador na Poodle wote wanajulikana kwa matatizo ya nyonga na kwa aina ileile ya ugonjwa wa kupofuka polepole, kwa hiyo mtoto wao anaweza kuupokea kutoka pande zote mbili. Wally Conron, Mwaustralia aliyewapa umaarufu Labradoodle, yaani chotara wa Labrador na Poodle, mwishoni mwa miaka ya 1980 alipokuwa akitafuta mbwa wa kumwongoza asiyeona, baadaye alisema wazi kwamba anajuta, kwa jinsi watu walivyoanza kuchanganya mbwa ovyo bila kuwapima.

"Jike akishapandwa na koko, damu yake imeharibika"

Kuna majike yaliyofukuzwa kwa imani hii. Ilikuwa na watetezi wakubwa: mwanzoni mwa karne ya 19 Lord Morton wa Uskoti alieleza kuhusu farasi jike aliyezaa na kwaga, yule ndugu wa punda milia aliyekwisha kutoweka, na baadaye akazaa na farasi watoto wenye michirizi miguuni. Hata Darwin aliliamini jambo hilo. Mtaalamu wa wanyama James Cossar Ewart akalifanyia majaribio huko Penicuik, Uskoti, akiwapandisha farasi kwa punda milia kisha kwa farasi. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1899 hayakuonyesha kwamba dume wa kwanza huacha chochote kwa watoto wa dume wa pili.

Lililo kweli ni jingine: katika joto moja jike anaweza kupandwa na madume wawili na kuzaa uzao mmoja wenye baba tofauti. Ukiona watoto wasiofanana kabisa, usimlaumu babu yao.

"Mbwa hujizalia mwenyewe"

Wengi, ndiyo. Ila binadamu amewabadilisha baadhi ya mbwa hadi kuzaa kwenyewe kukawa shida. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kwa Bulldog, French Bulldog na Boston Terrier zaidi ya asilimia 80 ya uzao ulitoka kwa upasuaji, kwani kichwa cha mtoto ni kipana na nyonga za mama ni nyembamba. Norway suala la maumbile ya namna hii lilifika mahakamani, na Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba kuzalisha Cavalier King Charles Spaniel, mbwa waliolemewa na maradhi ya moyo na ya fuvu, kunavunja sheria ya ustawi wa wanyama.

Hata kwa mbwa asiye na shida hizo, mimba ni siku kama 63, na mwenye mbwa anapaswa kuzihesabu. Joto la mwili hushuka chini ya nyuzi 37 katika saa 24 hivi kabla ya uchungu. Mama akisukuma kwa nguvu nusu saa bila kitu, au ute wa kijani kibichi ukatoka kabla ya mtoto wa kwanza, usingoje kupambazuke. Watoto wakishatoka wapate dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya saa 24 na wawekewe joto, kwa maana bado hawawezi kujipasha wenyewe.

Kabla ya yote hayo, dume na jike wapimwe brusela. Aina ya mbwa, Brucella canis, huharibu mimba zilizokaribia kukomaa, haina tiba ya uhakika kwa mbwa, na humwambukiza binadamu.

"Wakianza kula tu, wapelekwe kwa wenyewe"

Meno ya wiki ya nne au ya tano si ruhusa. Kuanzia wiki ya tatu hivi hadi ya kumi na mbili au kumi na nne, ubongo wa mtoto wa mbwa uko wazi kujifunza nini ni cha kawaida na nini ni cha kuogopa. Mama na ndugu ndio wanaomfunza kwamba kung'ata sana kunaumiza. Aking'atwa ndugu, mchezo unavunjika. Wiki nane ndiyo kiwango cha chini kinachokubalika na wengi. Wiki hizo mzalishaji hakai bure: awasikilizishe sauti za nyumbani, wakanyage sakafu mbalimbali, washikwe na wakubwa kwa wadogo, wapewe dawa ya minyoo. Minyoo hiyo watoto huipata kwa mama, hata kupitia maziwa.

"Nikishamuuza, kazi yangu imekwisha"

Muulize mzalishaji swali moja: mbwa huyu akinishinda baada ya miaka mitano, utampokea? Anayebabaika amekwisha kujibu. Wanaoifanya kazi hii kwa heshima huliandika jambo hilo katika mkataba, humhoji mnunuzi kama mtu anayeozesha binti, na humwonyesha mama mbwa akiwa na wanawe. England ilikwenda mbali zaidi: tangu Aprili 2020 mfanyabiashara wa kati haruhusiwi kuuza mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi sita, ila ununue kwa aliyemzalisha au umchukue kwenye kituo cha uokoaji.

Huko Uingereza tena, mtoto wa mbwa huwekewa chini ya ngozi chipu ya utambulisho kabla ya kuuzwa, na jina la kwanza linaloandikwa humo ni la mzalishaji. Miaka ikipita, mbwa akaokotwa barabarani na mwenye mbwa hapatikani, huenda simu ikaita kwa yule aliyewakutanisha dume na jike.