Kuikata kadi kwa mkasi hakufungi akaunti

Hapa Mbeya, kuanzia Mwanjelwa hadi Uyole, nimewasikia wafanyabiashara wakisema: "Kadi ya mkopo siitaki, nimeikata kwa mkasi, yameisha." Hayajaisha. Kadi ni plastiki tu. Akaunti yenyewe bado iko hai benki. Kama ina ada ya mwaka, utadaiwa hata kama hukununua kitu. Usipoilipa inageuka deni, deni linazaa riba, na benki inawajibika kupeleka taarifa za wakopaji kwenye kanzidata ya Benki Kuu, ambako kampuni za taarifa za mikopo kama Creditinfo huzichota. Ndipo mtu anaomba mkopo wa mbolea ya viazi, tena benki nyingine kabisa, anaambiwa ana deni la muda mrefu. Inauma, maana kwa mkono wake hakukopa hata shilingi.

Kwa hiyo lipa salio lote pamoja na riba hadi siku hiyo, ondoa malipo yanayojikata yenyewe, kisha andika barua ya kufunga akaunti. Dai uthibitisho wa maandishi, uutunze. Kufunga pia hakufuti historia papo hapo: ulichochelewesha kitaendelea kuonekana, na ulicholipa vizuri vilevile.